Mume anashika daftari, mke anashika brashi

Leo nimeingia National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri hapa London, tena kwa kukimbia mvua tu.

Nikagota mbele ya Mary Beale, mchoraji wa karne ya 17, mzaliwa wa 1633.

Kajichora mwenyewe, mkono mmoja umeshika turubai yenye nyuso za wanawe wawili. Nyuma yake, ubao wa kuchanganyia rangi umetundikwa ukutani kama kikaango jikoni.

Aliyekuwa akilisha nyumba ni yeye. Mumewe, Charles, alimtayarishia rangi na kuandika hesabu: picha ya kichwa na mabega, pauni 5. Na humo humo kwenye mahesabu, jamani, anamwita mkewe kipenzi cha moyo!

Nimecheka peke yangu pale.

Wenye biashara na wenza wenu, daftari anashika nani? Semeni ukweli 😄