Namba ya Dereva Sikupi

Kazi yangu ni kupokea mizigo kwenye steji moja hapa Nakuru, upande wa magari ya Kisumu. Unaniletea gunia la viazi vya Njoro, bahasha, betri ya gari, siku nyingine kuku aliyefungwa miguu. Ninakuandikia risiti, ninabandika karatasi yenye jina na simu ya mpokeaji, vijana wa steji wanapakia. Gari likiondoka tu, simu yangu inaanza: "Madam, nipe namba ya dereva."

Sitoi. Nimeshaambiwa nina roho mbaya, nimeshaambiwa namfichia dereva mambo yake. Sawa tu.

Abiria wetu hulipa nauli ofisini, kwa hivyo gari la watu 14 linasafiri bila makanga. Dereva ndiye anayeendesha, ndiye anayeshusha mzigo wa Kericho, ndiye anayekumbuka kwamba yule mama wa Awasi alisema ashukie sokoni. Ukimpigia, hakuna mwingine wa kupokea. Na atapokea, kwa sababu asipopokea utapiga tena na tena, kisha unipigie mimi kunishtakia kwamba madereva wetu wana kiburi. Sasa mizigo kumi ina wapokeaji kumi, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayepiga.

Fikiria anapopokelea hizo simu. Kuna Salgaa na mlima wa Sachangwan, pale palipowekwa vizuizi vya zege katikati ya barabara baada ya ajali za Desemba 2017. Kuna Londiani Junction, ambako Juni 30, 2023 lori liliacha njia likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando. Ile haikuwa habari ya simu. Ninaitaja kwa sababu kando ya barabara yetu ni soko: kuna mama na karoti zake, kuna watoto, kuna bodaboda zinazosubiri wateja. Matatu inaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Kusoma "umefika wapi" na kujibu "Kericho" kwa kidole gumba kunakula kama sekunde tano. Hizo ni mita 110, urefu wa uwanja wa mpira na zaidi, gari likienda bila mtu wa kuliangalia.

Dereva wetu mmoja alinunua kifaa cha kuweka sikioni, akaona ameshamaliza mambo. Nilikaa naye kiti cha mbele nikienda kwetu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Akapiga mteja, anataka kujua kama gunia lililopakiwa ni lake au la shemeji yake, maana yote mawili yameandikwa jina moja. Dereva anaeleza, gunia lenye kamba nyekundu, sijui la chini, sijui la juu. Mwendo ukapungua bila yeye kujua, tairi zikapanda mstari wa katikati, lori la nyuma likatupigia honi. Macho yalikuwa barabarani, yeye mwenyewe alikuwa ndani ya gunia. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali karibu mara nne zaidi, na kwamba kuongea bila kuishika hakusaidii sana. Siku hiyo nililiamini.

Sheria ipo. Kanuni za 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likitembea. Madereva wanaiogopa kweli, ila dawa yao ni kuishusha simu mapajani askari asiione, na sasa macho yanalazimika kushuka zaidi. Afadhali hata angeishika wazi.

Na madereva wangu tumeelewana hivi: simu inakaa kimya kwenye kisanduku cha dashibodi, akisimama Kericho ananiandikia, mimi ndiye ninayewapigia wenye mizigo. Mzee mmoja wa Ahero hunipigia hata hivyo. "Binti yangu, niko kwa jua hapa, huyo kijana amefika wapi?" Ninamwambia, "Mzee wangu, kaa kwa kivuli, akitoka Kericho nitakupigia mwenyewe." Ananung'unika kidogo, anakubali.

Asiyekubali ni mwenye gari. Yeye namba anayo, haniombi. Anapiga gari likiwa mlimani: umebeba wangapi, umeweka mafuta ya ngapi, askari wako wapi leo. Nilimweleza kwa heshima kwamba idadi ya abiria ninaiandika mimi kabla gari halijatoka, na risiti ya mafuta iko kwangu, anipigie mimi. Akacheka. "Madam, mimi naongea na mfanyakazi wangu."

Nimebandika karatasi dirishani yenye saa za kukisia za kufika Kericho, Awasi, Ahero na Kisumu, na chini yake namba yangu. Wateja wanaanza kuizoea. Mwenye gari bado anampigia dereva.