Vanishi iliniponza, boliti ikanitoa jasho

Mzee aliyeniambia "paka vanishi mara tatu, utasahau habari za hayo mabenchi" sijamsamehe mpaka leo. Nilikuwa nimejitolea kutunza mabenchi manne ya bustani ya umma. Miezi ya mwanzo yaling'aa, nikasifiwa, kichwa kikavimba. Jua kali lilipopita vanishi ikachanika nyufanyufa. Mvua ikaingia chini yake, isipate pa kutokea. Nilichoma bisibisi kwenye ubao mmoja, ikazama kama kwenye tope.

Ubao wa nje huvimba na kusinyaa, vanishi hukaa juu juu tu bila kuufuata. Nikaikwangua yote, msasa namba 80 kisha 120, nikaacha hapo. Si meza ya sebuleni. Siku hizi napaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo kidogo, na kinachobaki juu nakifuta. Yale matambara yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika hujipasha joto yenyewe mpaka yakashika moto.

Sasa mbao zilizooza. Boliti nyingi zililegea baada ya kulala na mafuta ya taa. Moja ikagoma. Ni zile zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba inayopaswa kung'ang'ania ubao. Ubao wenyewe umeoza, shingo ishike nini? Nikizungusha nati kwa chini, boliti nzima inazunguka nayo. Nikabana kichwa kwa koleo, likateleza. Nikapigilia kabari pembeni, ikazama kwenye uozo ikapotelea humo. Nikalala chali chini ya benchi, mguu mmoja juu nikikikandamiza kichwa kwa kisigino, mkono ukihangaika na spana. Mtoto akasimama kunitazama.

"Mjomba, unaliiba?"

Aibu ndiyo iliyonipa akili. Nilichukua msumeno wa chuma nikakata mfereji katikati ya kile kichwa, kikawa kama cha skurubu. Bisibisi pana ikaingia sawasawa. Yule yule aliyenishuku wizi ndiye aliyeishika kwa juu, kwa mikono miwili na ulimi nje, mimi chini nikivuta spana. Nati ikalia kama mlango wa zamani, ikaachia. Tulishangilia kama tumefunga bao.

Boliti mpya nimeweka zisizoshika kutu, na washa, yaani kibati cha duara chenye tundu, chini ya kila nati. Ziliniuma mfukoni, ila jumla haikufika hata nusu ya bei ya benchi jipya. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya kidole, maji yapite. Na miguu ya mbao isisahaulike: maji hunywewa zaidi na ncha iliyokatwa, kwa hiyo kila mguu niliusimamisha ndani ya kopo la mafuta usiku mzima.

Benchi la nne sijaligusa, vanishi yake ipo vile vile. Ndilo analopenda kukalia yule mzee, na kila akiinuka suruali imejaa magamba.