Picard, filimbi na msiba usio na matanga

Jana nimeirudia The Inner Light, ile episodi ya Star Trek: The Next Generation ya mwaka 1992, sizoni ya 5, na nimeshindwa kulala mapema kwa sababu kila nikiipenda zaidi ndo inavyozidi kuniuma walivyoimaliza.

Kwa ambaye hajaiona, Kapteni Picard wa meli ya angani anapigwa na mwali kutoka kwenye chombo kinachoelea angani, anaanguka, anaamka yuko sayari ya Kataan, watu wanamwita Kamin, fundi chuma, ana mke anaitwa Eline na hakuna anayejua habari za meli yake. Mwanzoni anabisha sana, anatafuta pa kutokea, miaka inaenda, basi anakubali. Anazaa watoto, anazeeka, anazika rafiki, anazika mke. Huku melini zimepita kama dakika 25 tu!

Kinachonimaliza ni kwamba hawana haraka. Hamna vita, hamna adui, ni maisha tu, mtu anajifunza filimbi mpaka inamkolea, kijiji kinakaukiwa maji lakini kale kamti ka pale uwanjani bado wanakamwagilia, na Eline anakata roho huku anamkumbusha mumewe aweke viatu mahali pake. Viatu jamani. Hapo ndo unajua hawa watu waliishi pamoja kweli. Na Patrick Stewart, anayeigiza Picard, anazeeka mpaka kwenye sauti, siyo mvi za kubandika tu (yule kijana wake Batai ukubwani ni mtoto wake wa kumzaa, Daniel). Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, waliyopewa 1993 ni halali yao kabisa.

Sasa kasoro. Kile chombo kilichompiga Picard kilirushwa na watu wa Kataan kabla hawajaangamia, ili wakumbukwe, na wanasema wenyewe teknolojia yao ni ndogo, ndo kwanza wameanza kurusha viroketi, halafu kiroketi hichohicho kinaweza kumtia mtu maisha mazima kichwani? Hiyo naipitisha, stori inaihitaji. Ila hakuna aliyemuuliza Picard kama anataka kubeba msiba wa sayari nzima, na episodi haiguswi kabisa na hilo, inamkabidhi filimbi kwenye kiboksi, anapiga, imeisha. Episodi inayofuata tayari tuko kwenye kichwa cha Data, yule afisa roboti wa melini, kilichofukuliwa San Francisco! Sizoni ya 6 wakairudia filimbi kwenye episodi ya Lessons, nashukuru, lakini mtu amefiwa na mke, ana watoto na mjukuu waliokufa miaka elfu iliyopita, anarudije kutoa amri kwenye usukani kama katoka kusinzia? Kwenye ile meli kuna Troi, mshauri ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya kusikiliza watu wenye maumivu. Wangewakalisha wawili, mlango umefungwa, Picard amtaje Eline kwa jina na aulizwe alikuwa mtu wa namna gani.