Siku mama alipofunga mizigo Grand Portage

Grand Portage ni njia ya miguu huko Minnesota, Marekani: kutoka Ziwa Superior hadi Fort Charlotte, kituo cha zamani kando ya Mto Pigeon, ni kilomita 13.7 za msitu, na mtumbwi unaubeba. Mtoni hakupitiki: Mto Pigeon, ukikaribia ziwa, unaporomoka mita 36 hivi kwa mkupuo mmoja. Waojibwe, ambao hadi leo ndio wenyeji wa ardhi hiyo ya Minnesota, walikuwa wakiipita njia hii zamani kabla wafanyabiashara wa ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, hawajaifuata. Kampuni ya North West iliweka hapo kituo chake kikuu hadi 1803. Kwa kawaida mchukuzi alibeba mafurushi mawili kwa pamoja, kila moja kilo 41, kwa mkanda wa ngozi uliopita kichwani.

Kiangazi kile mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyeri, tukaivuka naye pamoja na watoto. Mitumbwi miwili, kila mmoja kilo 20, tulibeba mimi na mke wangu. Ukitaka kuuinua, simama katikati yake, uvute hadi ulale mapajani, shika ukingo wa mbali, kisha usukume kwa goti na kuugeuza juu kwa mara moja ili nira, ule mti wa katikati ya mtumbwi, itue mabegani. Omo, yaani mbele ya mtumbwi, iwe juu kidogo kuliko tezi, yaani nyuma yake, la sivyo huoni mbele, na mbele kuna mawe, na mbao nyembamba zilizotandazwa juu ya kinamasi. Mbao hizo zikilowa zinateleza vibaya. Mbu nao hujikusanya chini ya mtumbwi, mikono yako yote ikiwa imeshika, kwa hiyo chandarua cha uso kivaliwe kabla ya kuinua.

Hatukuwa tumefika mbali kijana wetu mkubwa akaanza kushika shingo. Begi lake la kilo 18 lilikuwa linaning'inia makalioni, na mkanda ulikuwa umembana kwenye paji la uso. Mama akamsimamisha.

"Hapo shingo ndiyo inayobeba, mjukuu wangu. Mgongo umeupa likizo."

Akausogeza mkanda nyuma, vidole viwili kupita pale nywele zinapoanzia, akaufupisha pande zote mbili hadi kitako cha begi kikakaa juu ya kiuno. Sufuria iliyokuwa ikimchoma mgongoni akaifunga ndani ya blanketi. Kisha akamwambia ainame kidogo kuanzia nyonga. Mkanda ukikaa hapo, uzito unashuka sambamba na uti wa mgongo. Ukishuka kwenye paji, unakirudisha kichwa nyuma kila hatua.

Huo ni ujuzi wa kweli. Mwaka 1986 watafiti walitangaza walichopima Kenya: wanawake wa Kikuyu kwa mkanda, na wa Kiluo kwa kujitwika, waliweza kubeba moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Mama amebeba kuni hivyo tangu utotoni.

Wachukuzi wa zamani walitua mizigo takriban kila nusu maili, nasi tukafuata mtindo huo: kutua kabla ya kuchoka, si baada. Jioni tulikuwa Fort Charlotte.

Asubuhi umande ulikuwa umelowesha mikanda. Ngozi ikilowa hurefuka, kwa hiyo kipimo cha jana hakikufaa tena. Mama akaanza upya, begi moja baada ya jingine.