Mkeka Mmoja, Miili Mitatu: Uzoefu Wangu wa Pilates Hapa Moshi

Nimekuwa fundi cherehani mjini Moshi kwa miaka 14, na katika miaka 3 ya mwisho kiuno kiliniuma kiasi kwamba ifikapo saa kumi jioni niliacha kazi nikalala chali sakafuni, katikati ya vipande vya vitenge. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipima hakuona kasoro katika pingili wala neva. Alinieleza kwamba misuli ya ndani ya tumbo na ya nyonga, ambayo kazi yake ni kuushikilia uti wa mgongo, ilikuwa imelegea kwa sababu ya kukaa nimeinama na kwa kuzaa mara 3, kisha akanifundisha mazoezi ya Pilates.

Jina hilo lilikuwa geni kwangu. Ni la Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye utotoni alisumbuliwa na pumu, na ambaye aliendeleza mazoezi yake akiwa kizuizini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kabla ya kuhamia New York miaka ya 1920. Yeye mwenyewe aliyapa jina lenye maana ya elimu ya kuutawala mwili, na kwa maoni yangu jina hilo lingefaa zaidi, kwa kuwa hapa hakuna kuruka wala kukimbilia jasho.

Wiki 2 za kwanza nilijifunza kupumua tu. Nililala chali, magoti yamekunjwa, nikavuta hewa puani hadi mbavu zikapanuka pembeni, kisha nikaitoa mdomoni polepole huku nikivuta kitovu ndani na kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo. Naliandika hili waziwazi kwa sababu tangu uzazi wa mwisho nilikuwa nikivujwa na mkojo kila nilipopiga chafya, jambo ambalo wanawake wengi tunalificha, na lilipungua hata kabla ya maumivu ya kiuno. Baadaye nikaongeza kuinua nyonga, kisha zoezi la mia, ambalo mikono hupigwapiga hewani kwa hesabu 5 za kuvuta pumzi na 5 za kuitoa, mara 10. Mwanzoni nilifika 40 tu, shingo ikachoka. Mkeka wa ukili ulikuwa ukiteleza kwenye saruji, nikatandika blanketi lililokunjwa mara mbili badala yake.

Baada ya miezi 3 hivi niliweza kushona hadi jioni bila kulala chini. Desemba, wenyeji wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani na nguo za sikukuu kurundikana mezani, maumivu hurudi kidogo, hasa nikiruka mazoezi.

Mwanangu wa miaka 16, mcheza mpira, aliyadharau mazoezi haya hadi alipotakiwa kunyoosha mguu mmoja juu akiwa amelala chali, akashindwa kwa jinsi misuli ya nyuma ya paja ilivyokuwa imekaza. Sasa hufanya dakika 15 kabla ya kwenda uwanjani.

Aliyenihangaisha zaidi ni mama yangu, mwenye miaka 72, anayeishi Kibosho, ambako njia ya kwenda kwenye migomba ni mteremko na huteleza wakati wa masika. Nilipomgusia, alinijibu, "Mwanangu, mimi nimeshika jembe tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena?" Nilimweleza kwamba jembe humwinamisha mgongo siku nzima, lakini halimfundishi kusimama imara mguu mmoja ukiteleza. Kwa kuwa alishapimwa na mifupa yake ikaonekana dhaifu, mtaalamu alikataza mazoezi yote ya kukunja mgongo kwa mbele, likiwemo zoezi la mia, pamoja na kujipinda kwa nguvu, kwani pingili dhaifu zinaweza kuvunjika. Ningemfundisha yale yangu kama yalivyo, ningemdhuru. Yeye hupumua akiwa amekaa wima kwenye kiti, huinuka na kukaa taratibu bila kujishikiza, huinua visigino, kisha husimama kwa mguu mmoja akishika mwimo wa mlango.

Mwezi wa kwanza alikuwa akiushika mwimo huo kwa mikono miwili. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameugusa kwa vidole viwili, akihesabu pumzi zake kwa Kichaga, wala hakunijibu salamu mpaka alipomaliza.