Mkono wa Charles

Jana usiku, baada ya kumlaza baba, nilitazama tena filamu ya mwaka 2011 katika mfululizo wa Sayari ya Sokwe, ile ambayo James Franco anaigiza kama Will Rodman, mtafiti wa dawa katika kampuni ya Gen-Sys jijini San Francisco. Mara ya kwanza macho yangu yote yalikuwa kwa Caesar, sokwe mtoto aliyerithi akili kali kutoka kwa mama yake aliyefanyiwa majaribio. Safari hii nilimtazama mwanasayansi, kwa kuwa sasa nami naishi na mzazi anayesahau.

Majaribio yanaposimamishwa, Will anaichukua kwa siri dawa ya ALZ-112, anaipeleka nyumbani na kumdunga Charles, baba yake, mgonjwa wa Alzheimer, ambaye muda si mrefu anapiga tena piano kwa ufasaha. Zamani nilimhukumu kwa haraka. Bado naona alikosea, lakini kosa lenyewe nalielewa, maana nami nimewahi kulipia chupa ya dawa ambayo muuzaji wake hakuweza kuniambia ndani yake mna nini.

Kisha kingamwili za Charles zinaishinda dawa. Mezani anashika uma kinyume, na ni Caesar anayenyoosha mkono na kumgeuzia, taratibu, bila kumwaibisha. Will, aliyesomea ubongo miaka yote hiyo, amekaa hapo hapo akitazama. Nadhani ndipo anapojua kwamba ameshindwa. Anatengeneza ALZ-113, yenye nguvu zaidi, na usiku mmoja anamletea baba yake.

Charles anauzuia mkono wa mwanawe.

Hapo ndipo niliposimamisha filamu. Will hajui bado kwamba dawa hiyo inaua wanadamu, kwa hiyo hatii kwa hofu ya madhara. Anatii kwa sababu mgonjwa amekataa, na kwa mara ya kwanza anamsikiliza Charles mwenyewe badala ya kupigana na ugonjwa wake. Charles anafariki, na Will yuko kando yake.

Leo asubuhi baba alifumba mdomo nilipompelekea kijiko cha uji. Siku nyingine ningembembeleza hadi achoke. Niliweka bakuli chini, nikaketi naye barazani, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami nikamtajia jina lake.