Fomu iliyorudishwa

Mwaka 2014 nilikuwa intan, yani daktari mpya aliye kwenye mafunzo ya hospitali, hapa Mwanza na nilikuwa nimeshajipangia maisha yangu yote, nasoma gaini, nakuwa bingwa wa kinamama, nazalisha, napasua, baadaye nafungua kakliniki kangu maeneo ya Nyakato. Patholojia, ile kazi ya kuchunguza vinyama vya wagonjwa kwenye darubini, haikuwepo hata kwenye ndoto. Kwetu maintan patholojia ilikuwa ni yule daktari mkimya wa kule nyuma ukishapita mochwari, na mama yangu anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba alikuwa na jina lake kabisa, daktari wa maiti.

Sasa siku moja asubuhi tuko raundi, simu ya wodi ikaita, sista akapokea akasikiliza halafu akaniangalia mimi. Eti patholojia wanamtaka aliyejaza fomu ya yule mama wa kitanda cha dirishani, aende yeye mwenyewe asitume mtu. Wenzangu wakaanza kucheka maana hakuna aliyewahi kuitwa kule kwa heri.

Nilikuta bingwa amekaa kwenye darubini ile ya vichwa viwili, dada mtu mzima hivi, miwani imepandishwa kwenye nywele, fomu yangu iko mezani. Akaisoma kwa sauti. Umri 34. Damu ukeni. Mashaka ya kansa ya shingo ya kizazi. Basi, na sahihi yangu chini kubwa kama ya waziri. Akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu mama ana watoto wangapi? Anatoka wapi? Damu inatoka saa ngapi, akikutana na mumewe au hata akikaa tu? Mlipoangalia shingo ya kizazi mliona nini?" Nikabaki kimya. Akasema, "Umeniletea kinyama kidogo kama punje ya mchele unataka nikwambie habari za mtu mzima, na wewe uliyemuona hujaniambia kitu."

Aisee iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu kuna kitu nilikuwa nimekiona. Siku ile rijista, daktari anayesomea ubingwa, anachukua kinyama mimi ndiye niliyeshika tochi, na niliona vidoa vya manjano vidogo vidogo kama chembe za mchanga zimenatia pale kwenye shingo, na pakiguswa panatoa damu. Nilivikumbuka vizuri kabisa. Sikuviandika kwa sababu sikujua ni nini, na intan asichokijua haandiki asije akaulizwa.

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akashusha miwani, akaniambia kaa hapo uangalie.

Nilikuwa sijashika darubini tangu mwaka wa pili au wa tatu chuoni, nikaona zambarau na waridi tu kama kitenge kimechujuka. Akanisogezea polepole. Hakukuwa na kansa pale, ngozi ya juu ilikuwa imechubuka lakini seli zake zimejipanga kwa adabu, ila chini yake kulikuwa na seli zimejikusanya duara duara, yani kama watu wamezunguka ajali barabarani, na katikati hakuna kitu. "Wamezunguka nini?" Sikujua. Nikajaribu TB, akasema inawezekana, lakini hatutibu inawezekana. Akamuita jamaa wa maabara akamwambia arudi kwenye kile kibonge cha nta akate ndani zaidi, vipande vingi. Hapo ndio nikaelewa kwa nini majibu yanachelewa wakati sisi wodini tunalalamika tu, maana kile kinyama kinalala kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, kinanyonywa maji, kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa kwa unene wa maikroni 3 au 4, chembamba kuliko unywele, halafu ndio kinapakwa rangi, na ukikata sehemu ambayo shida haipo hutaiona hata uwe bingwa wa mabingwa.

Kesho yake hakuniita, nilikwenda mwenyewe. Kwenye slaidi ya tano sijui ya sita, katikati ya ule mkusanyiko, kulikuwa na yai. Limerefuka, ganda lake linaonekana kabisa. Akaniuliza mwiba uko wapi, nikamwambia uko mwishoni, kwenye ncha. Akasema, "Basi huyu mama si wa visiwani. Nenda kamuulize kakulia wapi."

Ngoja nieleze hapa kwa sababu mimi ni mtoto wa ziwani na nilijiona naijua kichocho kuliko mtu yeyote. Tumeogelea ziwani tumekunywa mavidonge, ni ugonjwa wetu. Lakini kichocho cha ziwani hapa kwetu ni cha tumbo na yai lake lina mwiba ubavuni. Lile la mwiba wa mwishoni ni la kichocho cha mkojo, na konokono wake huku kwetu unamkuta zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga, huko ndani ndani. Minyoo wake wanakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, mayai mengine yanatoka na mkojo, mengine yanapotea njia yanaenda kunasa kwenye shingo ya kizazi, mwili unayazunguka, panakuwa na vidonda na damu, na ukiangalia kwa macho unaapa ni kansa au ni ugonjwa wa zinaa. Wanawake wangapi wametibiwa zinaa na kugombana na waume zao kwa sababu ya yai la mnyoo, sijui. Bingwa aliniambia minyoo hao Mjerumani mmoja, Theodor Bilharz, aliwaona mwaka 1851 pale Cairo akipasua maiti. Nikamuwaza mama yangu na jina lake la daktari wa maiti.

Nikarudi wodini. Yule mama alikuwa wiki ya tatu pale, ameshaongezewa damu, Kiswahili chake cha shida kwa hiyo sista mmoja Msukuma akakaa katikati. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, nikavuta kiti, na nadhani ndio ilikuwa mara ya kwanza nakaa karibu na kitanda chake badala ya kusimama. Kazaliwa Kwimba, kaolewa hukohuko Kwimba, tangu mtoto anapanda mpunga maji yakiwa magotini na ya kunywa wanachota lamboni. Nikamuuliza kama utotoni aliwahi kukojoa damu. Akacheka, sista naye akacheka kabla ya kutafsiri. Anasema watoto wote wa kwao walikuwa wanakojoa damu, nani angeshangaa?

Nilijaza fomu upya, mbele mpaka nyuma, nikaipeleka mwenyewe. Majibu yakaandikwa kichocho cha shingo ya kizazi, kansa haijaonekana kwenye vipande vilivyoletwa, na chini yake akaongeza kwa mkono kwamba vidonda vikitulia apimwe tena, kwa sababu kuwa na kichocho hakukuzuii kuwa na kansa. Huo mstari wa mwisho niliupenda, mtu amefurahi lakini hajajisahau.

Mchana ule nilikaa na yule bingwa nikaacha hata chakula. Alinionyesha slaidi moja ya mrija wa uzazi, akaniambia kansa ile kali ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, siku hizi inajulikana kwamba mara nyingi inaanzia kwenye ncha ya mrija, yani miaka na miaka watu walikuwa wanatafuta mwizi kwenye nyumba siyo. Nikamuuliza mtu anasomaje hii ya kinamama peke yake. Akasema unaanza na patholojia yote kwanza, hakuna mkato, ndio baadaye unajichimbia kwenye moja, kwamba wenzetu Marekani wakimaliza miaka yao mitatu au minne ya patholojia wanaongeza mmoja wa magonjwa ya wanawake tu. Nikahesabu kwa vidole nikaona nitazeeka. Sikuacha kuuliza lakini.

Jioni tukaenda kumwambia yule mama, mimi na rijista na yule sista. Kabla ya hapo alikuwa ameshaambiwa yeye na mumewe wajiandae kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar. Rijista akaeleza kwamba kansa haijaonekana, ni kichocho, atameza vile vidonge vikubwa vichungu ambavyo watoto wa shule wanapimwa urefu kwa mti ndio wanapewa, atarudi tuangalie tena. Sista akatafsiri, ndefu kweli, na mimi namwangalia usoni nasubiri alie au ashukuru au hata amtaje Mungu.

Akauliza swali moja fupi kwa Kisukuma. Sista akageuka akaniambia, "Anauliza kama wale ng'ombe wameshauzwa."

Tukampigia mumewe simu pale pale. Wawili walikuwa wameshaondoka mnadani, wa tatu alikuwa bado kafungwa.